Saa za Kuruka Peke Yako

Kuna siku moja nikiikumbuka, mwanangu, bado naona aibu, ingawa nywele zimeshakuwa nyeupe. Ilikuwa hapa hapa Songea, miaka ile biashara huria ilipoingia na watu binafsi wakaruhusiwa kuendesha ndege za abiria. Kampuni moja changa ilikuwa imeniahidi kazi, mradi nilete leseni ya rubani wa biashara kabla mwezi haujaisha. Leseni ya kurusha ndege kwa shughuli zangu binafsi nilikuwa nayo. Ilibaki safari moja ndefu ya kuruka peke yangu: nitoke Songea, nitue Tunduru, nitue Nachingwea, nirudi.

Nikueleze hilo la kuruka peke yako, maana vijana wengi mnaojifunza urubani mnaliona usumbufu tu. Ukiruka na mwalimu, hata akinyamaza, macho yake yanakusaidia. Ukikosea, akikohoa tu unajirekebisha. Ndiyo maana zinatakiwa saa ambazo kiti cha pili ni kitupu, ijulikane unafanya nini ukiwa huna wa kumtazama.

Sasa, kwetu mtu haachwi kwenda safari ndefu bila msindikizaji. Mama aliposikia nakwenda mwenyewe mpaka Nachingwea, alikataa kabisa. Akamtuma kaka yake wa Mjimwema, mjomba Haule, dereva wa lori, ambaye gari lake lilikuwa limekwama kwa mvua Nakapanya, mbele ya Tunduru. Asubuhi nikamkuta kiwanjani na koti lake la Krismasi, kikapu mkononi. Nikamwamkia. Akaniambia mama amesema nisipomchukua nisirudi nyumbani. Nikawaza, nitamshusha Tunduru, nani atajua?

Tulipopita Namtumbo mawingu yakashuka, nikapotea. Nilizunguka nikitafuta alama yoyote chini. Mjomba, aliyekuwa ameshika kikapu kama usukani, akachungulia chini.

"Mpwa wangu, huo mto naujua. Hapo darajani nimepasua tairi mara mbili. Fuata barabara."

Nikaifuata, tukatua Tunduru. Nilimshusha, nikaenda Nachingwea na kurudi salama. Jioni nikaandika kwenye daftari langu la urubani kwamba safari yote niliruka peke yangu.

Daftari lilihitaji sahihi ya mwalimu wangu, Mzee Ngonyani. Siku ya tatu akaniita. Habari ilikuwa imeshafika mtaani kwake Majengo, kwa kuwa mjomba alimsimulia kila dereva jinsi alivyomwongoza rubani. Mwalimu hakufoka. Alinirudishia kisa chote kama alivyokisikia, mpaka zile tairi, akacheka kidogo. Kisha akalisogeza daftari mbele yangu.

"Mjomba wako ni dereva hodari," alisema. "Wewe sijui bado kama ni rubani. Na wewe mwenyewe hujui. Hilo ndilo linalonitisha."

Nikamweleza kwamba mwezi unaisha na kazi itapotea. Akajibu kwamba kalamu ipo mezani, uamuzi ni wangu, na kwamba ndege haitapatikana tena mpaka baada ya wiki mbili. Nikaichukua ile kalamu. Halafu nikaifuta safari ile kwa mstari mmoja, nikatia sahihi pembeni.

Kazi akapewa mwingine. Mama nilimweleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe, akakubali kunisindikiza mpaka getini tu.

Niliporuka tena, mawingu yalishuka kule kule. Nikatazama dira, ramani na saa, nikajiambia kwa sauti: mto uonekane ndani ya dakika nne, usipoonekana nageuza. Dakika nne zikapita, mto sikuuona. Nikageuza, nikarudi Songea bila kufika popote.

Nilidhani mwalimu atasikitika. Alinishika bega, akasema, "Leo umeruka peke yako."

Kesho yake nilikwenda, nikatua kote kunakotakiwa, nikarudi. Leseni niliipata, na kazi nyingine nayo ikaja, kwa kuchelewa.

Basi mwanangu, kusaidiwa si aibu. Mshukuru anayekusaidia na umtaje. Ila usiandike kuwa unaliweza jambo alilokufanyia mwenzio. Saa zako za peke yako zitimize zote, hata zikikuchelewesha, maana abiria hawatakuomba daftari. Watapanda na watoto wao, wafunge mikanda, wakuamini.

Mungu akutangulie huko juu. Akupe macho ya kuona njia, akupe na moyo wa kugeuza pale usipoiona.