Uzi Mwekundu Kwenye Mnjegere

Hakuacha kamwe kuhesabu kwa kidole gumba, akikipitisha kwenye pingili za vidole vyake, midomo ikicheza bila sauti. Kwa miaka thelathini mzee huyo, kibarua wa shamba la mbegu la Palampur, India, aling'oa kila mnjegere usiofanana na wenzake. Kwa hiyo mwanafunzi Kusumlata aliingiwa na hofu alipomkabidhi miche ya mbegu alizozipiga mionzi ili zibadilike, maana shahada yake ilitegemea kuupata mmoja wa aina hiyo hiyo, usiofanana na wenzake lakini unaozaa zaidi.

Kumbe aliyeteleza ni Kusumlata mwenyewe. Asubuhi moja aliona mche mfupi, majani yamejikunja. "Huu hauna maisha, mzee. Ng'oa."

"Mwache ale kwanza, binti. Kwani wewe ulizaliwa mrefu?"

Mzee akafungua uzi mwekundu wa baraka ya hekaluni uliokuwa mkononi mwake, akaufunga kwenye shina.

Siku ya kuvuna, gumba lake lilizunguka pingili hadi maganda thelathini na manane ya mche ule. Minjegere ya jirani haikupita kumi na tano.

Mzee alipostaafu, Kusumlata aliinama aiguse miguu yake kwa shukrani, kama wazee wanavyoheshimiwa huko. Alimzuia.

"Kwetu binti hagusi miguu ya mzazi. Wakichipua watoto wa yule mfupi, usiwe na haraka nao."