Bandeji Begani mwa Paka

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya misheni karibu na Kasikeu, na nilijiona nina elimu ya kutosha kwa kila jambo. Likizo ya Agosti, walimu wachache tuliitwa kujifunza huduma ya kwanza kwa siku nne. Nilirudi na cheti, kitabu chembamba chenye picha za watu waliofungwa bandeji, na kisanduku cha bati kilichokuwa na pamba, mkasi, bandeji tatu na chupa ya aidini. Cheti nilikitundika ukutani. Mgeni akija, nilimpa kiti kinachokielekea.

Shida ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyeumia. Mwanafunzi mmoja alichomwa na mwiba uwanjani, lakini kabla sijafika na kisanduku changu alikuwa ameshautoa kwa meno na kurudi kwenye mpira. Mke wangu alijikata kidole akimenya malenge. Akakinyonya, akaendelea kumenya. Nilibaki nimesimama mlangoni na dawa zangu kama mchuuzi aliyekosa nyumba.

Ndipo paka akaja na jeraha.

Alikuwa paka wa mke wangu, dume kubwa la rangi ya majivu. Mke wangu alikuja naye kutoka kwao akiwa mdogo, ndani ya kiondo, ili atulindie mahindi dhidi ya panya. Asubuhi ya Jumamosi moja aliingia jikoni akichechemea. Alikuwa amepigana na dume la kule kwenye kinu cha posho, na manyoya ya bega yalikuwa yameshikana kwa damu. Mke wangu alimpakata, akayatenganisha manyoya kwa vidole, akatazama.

"Ni kidogo," akasema. "Kama punje ya hindi. Nitamwosha na maji ya chumvi."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea."

Alinitazama kwa namna ambayo siku hizo nilidhani ni heshima. Akaiweka chini sufuria aliyokuwa ameshaichukua.

Nilifungua kitabu kwenye ukurasa wa bega. Picha ilimwonyesha mwanamume mwenye masharubu, ameketi wima kwenye kiti, mkono wake umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Paka kitabu hakikumtaja, lakini nilijiambia kwamba bega ni bega. Nilichovya pamba kwenye aidini, nikaibandika juu ya jeraha.

Mpaka hapo paka alikuwa ametulia mapajani mwa mke wangu. Dawa ilipomgusa alinirukia mkono wa kulia, akanikwaruza kutoka kiwiko hadi kiganja, kisha akaniuma chini ya kidole gumba.

"Mwache kidogo, Mwalimu," mke wangu akasema. Ndivyo alivyoniita, hata nyumbani.

"Mshike miguu," nikamjibu. "Mgonjwa hashindi daktari."

Nilimfunga. Nilipitisha bandeji begani, nikaizungusha chini ya tumbo, nikarudi shingoni, nikashuka tena tumboni, na kwa kuwa sikujua mahali pa kumalizia, niliendelea mpaka bandeji ikaisha yenyewe. Nilipofunga fundo, paka alikuwa kama kifurushi cha posta chenye masikio.

Tulimweka chini. Alipiga hatua moja, akaanguka ubavu. Akainuka, na akaanza kwenda kinyumenyume, nadhani akifikiri kwamba akirudi nyuma vya kutosha atatoka ndani ya kile kitu. Alipita mlangoni hivyo hivyo, matako mbele, akavuka uwanja, kuku wakatawanyika. Kisha akapata nguvu sijui wapi, akapanda juu ya paa la ghala yetu ya mahindi, akakaa pale akiwa mweupe pepepe, upande unaotazama barabara ya kwenda kanisani.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akipita na baiskeli. Alishuka.

"Mwalimu, kile ni paka?"

"Ndiyo, mzee."

"Amepatwa na nini?"

"Ana jeraha dogo begani."

Alimtazama paka kwa muda mrefu, kisha akatazama mkono wangu unaotiririka damu. "Na wewe?"

"Ni mwiba," nikasema. Kesho yake mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili, na somo lilikuwa kuhusu ukweli.

Mke wangu alichukua kipande cha samaki mkavu, akaketi chini ya ghala, akawa anachambua kunde zake kama mtu asiye na haja na paka yeyote. Baada ya muda paka akashuka. Mke wangu aliikata ile bandeji kwa mkasi wangu, akapunguza manyoya kuzunguka kidonda, akamwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka ile rangi ya aidini ikaisha.

"Angeiramba hii dawa yako, ingemdhuru," akasema.

"Sasa hutamfunga?"

"Nimfunge ili iweje? Kidonda kinataka kukauka. Nitamweka ndani siku mbili na kukitazama kama kina usaha." Akanigeukia. "Lete na mkono."

Nilikataa. Nilimwambia yangu ni mikwaruzo tu. Nilikwenda chumbani, nikachukua bandeji ya pili, na kwa mkono wa kushoto na meno nikajifunga kwa ufundi mkubwa.

Jumanne paka alikuwa anatembea vizuri, na mimi sikuweza kushika chaki. Mkono ulikuwa umevimba kama muhogo. Nilikwenda dispensari, na bahati yangu ikawa kwamba dresa wa zamu, mtu wa kufunga vidonda, alikuwa yule yule aliyetufundisha Agosti. Alifungua bandeji polepole.

"Nani amefunga hii?"

Nikatazama dirishani.

"Imefungwa vizuri sana," akasema. "Lakini ndani hakuosha. Kitabu kinaanza na neno gani?"

"Osha," nikasema.

"Na nini kimekuuma?"

"Paka. Alikuwa na jeraha."

"Amepona?"

"Amepona."

"Alitibiwa na nani?"

"Mke wangu."

Alijaza sindano bila haraka. "Basi ungeanza na yeye," akasema, "tusingefika kwenye sindano hii."

Alinikataza kuandika kwa siku nane. Nyumbani kulikuwa na madaftari arobaini ya insha yakinisubiri, na mkono wangu wa kushoto haukuwa na faida yoyote. Mke wangu alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Nilimwomba ashike penseli nyekundu, mimi nisome na kumwambia pa kutia alama. Tuliketi mezani mchana wa Jumatano, paka amelala juu ya madaftari yaliyokwisha, bega lake likiwa na kiraka kisicho na manyoya.

Madaftari matano ya kwanza alifuata kila nilichosema. Katika la sita alisita.

"Hapa pia amekosea," akasema.

Nilisogea nikatazama. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelipita lile kosa, na huenda la namna hiyo nililipita mwaka mzima.

Madaftari yaliporudi darasani, msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono akauliza ni nani aliyesahihisha, kwa maana muhula huo wameweza kusoma kilichoandikwa pembeni. Nilimwambia ni mke wa mwalimu. Akasema, "Tunamshukuru," na darasa zima likaitikia.

Siku ya tisa dresa aliniambia mkono umepona kabisa na naweza kuandika. Habari hiyo sikuifikisha nyumbani mpaka shule zilipofungwa.