Santuri Sita Hadi Taveta

Niliondoka Voi kwa ajili ya mgonjwa mmoja na timu moja, na hadi leo siwezi kusema ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa na hali mbaya zaidi.

Timu ni yetu ya Voi. Mgonjwa ni Nyambu, aliyekuwa golikipa wetu miaka mingi kabla kifua hakijamlaza. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani mwa duka karibu na stesheni, na jezi zote za timu zimepita mikononi mwangu. Ya Nyambu ilikula kitambaa kuliko nyingine, maana mikono yake haikuwa na mwisho.

Siku hizo timu zote za kando ya reli ya Taveta zilikuwa na desturi moja. Kila timu ikienda ugenini hubeba gramafoni na santuri zake, na wenyeji nao huweka zao tayari. Mechi ikiisha watu hucheza dansi, na gramafoni inayopigwa ni ya waliofungwa. Aliyeshinda anacheza, aliyefungwa anazungusha mkono wa mashine na kubadilisha sindano. Santuri za mshindi hubaki sandukuni, hurudi kwao vile zilivyokuja. Mtunzaji wa gramafoni ya Voi ni mimi. Nikisema kwamba msimu ule mkono wangu ulivimba, hamtahitaji kuniuliza matokeo.

Tulifungwa Mwatate kwa uzembe. Tulifungwa nyumbani, kwenye uwanja wetu wenyewe, na watu wa Bura, ambao walikuja wachache na hata mabeki wao walikuwa wanachechemea. Dansi baada ya dansi, santuri zetu zikaisha. Santuri mpya ni nyeusi ya kung'aa, unaweza kujitazama meno. Ikipigwa mno kwa sindano butu, mistari yake inapauka kama mguu usiopakwa mafuta, na mwimbaji anasikika kama yuko nje kwenye mvua. Zetu zote zilikuwa zimepauka. Mwatate walituzomea mara mbili, kwanza kwa mpira, halafu kwa muziki.

Nyambu alikuwa na zake. Aliporudi kutoka hospitali ya Mombasa, walipomwambia aende tu nyumbani akapumzike, alipita dukani akanunua albamu nzima, jalada nene la kufunguka kama kitabu, lenye mifuko sita na santuri moja katika kila mfuko. Na hakuzisikiliza. Ziliwekwa chini ya kitanda chake katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na mkewe, Mama Mghoi, alimwomba mpaka akachoka.

"Muziki wa kufungwa nimeusikia msimu mzima," Nyambu alikuwa akisema. "Hizi nitazisikia siku tukishinda."

Asubuhi ya safari nilipita kumuaga. Alikuwa ameegemezwa mito miwili, albamu iko mapajani. Alitoa santuri moja, akaifuta kwa kitambaa, akaielekeza dirishani mpaka mwanga ukateleza juu yake.

"Zichukue, fundi."

"Nyambu, tukifungwa je?"

"Timu inayobeba santuri za kukwaruza imeshakubali kufungwa kabla ya kupanda gari. Wao wakiziona hizi watajua tumekuja kwa kazi. Mwambie Mwaluma, huyo aliyeshika nafasi yangu, asitoke golini mapema. Mwambie angoje. Sasa nenda, gari litakuacha."

Mama Mghoi alinisindikiza hadi mlangoni. "Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini, "mshinde tu. Mwezi huu nimemwona anavyopumua."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu ya kusafiri. Wenzangu walikwenda kutafuta pointi. Mimi nilikwenda kumtafutia mtu ruhusa ya kusikiliza santuri zake mwenyewe.

Saa mbili asubuhi gari la moshi liliondoka Voi. Vijana wa timu walijazana behewa moja la daraja la tatu, wakaimba mpaka mkonge ulipoanza kuonekana pande zote mbili, mistari mirefu isiyokwisha. Mimi niliweka albamu mapajani na gramafoni katikati ya miguu. Askari alipita akikagua vipande, yaani vitambulisho vyetu, kama ilivyokuwa kawaida miaka ile, akagonga sanduku kwa fimbo.

"Humu mna nini?"

"Muziki, afande."

"Mnakwenda harusini?"

"Kwenye mechi."

Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Poleni," akaendelea na kazi yake. Habari zetu zilikuwa zimefika hata kwa askari.

Mwatate walikuja stesheni makusudi kutucheka. Kijana mmoja alizungusha mkono hewani kama anayejaza gramafoni. Bura hawakutucheka, walituonea huruma, wakatuuzia miwa kwa bei nafuu. Nilichukia zaidi huruma ile.

Baada ya Maktau milima yetu ilibaki nyuma na nyika ikafunguka, kavu, yenye upepo wa kuingiza vumbi hadi katika meno. Nilivua koti nikaifunika albamu, maana jua lilikuwa linapiga dirishani na santuri hujikunja kwa joto. Kisha mlima wa theluji ukatokea upande wa Tanganyika, mweupe na mtulivu. Vijana wakapiga kelele kwa furaha. Nami, Mungu anisamehe, niliuona nikaanza kutumaini.

Adhuhuri tulifika Taveta. Tulipokewa na Mzee Elifasi, mkulima wa ndizi wa Mahoo, ambaye mwanawe ndiye kepteni wa timu ya huko. Ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alitulisha ndizi za nyama mpaka nikashuku ni mbinu ya kutufanya tuwe wazito. Aliiona albamu, akapiga mluzi.

"Mpya hizo?"

"Mpya."

"Basi mmekuja kwa kazi."

Nyambu alikuwa sahihi, na tumaini langu likaongezeka tena.

Alasiri mechi ilianza, kwenye uwanja ulio kando ya shamba la mkonge, wenye mteremko mdogo kuelekea magharibi. Kipindi cha kwanza tulishuka nao. Niseme kweli, sijaona Voi wakicheza vile. Winga wetu wa kushoto, ambaye kwa kawaida hukimbia kama anayetafuta kitu alichodondosha, siku hiyo alipita mabeki wawili akaupiga katikati, na fowadi wetu akaumalizia kwa kichwa. Moja bila. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la gramafoni, albamu nimeikumbatia, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Nyambu, unasikia?" Mzee mmoja kando yangu alisogea kidogo.

Kipindi cha pili tukaanza kupanda mteremko, na zile ndizi nazo zikaanza kufanya kazi. Walisawazisha kwa kona. La pili, Mwaluma alitoka golini mapema, mpira ukapita juu yake ukadunda ndani taratibu, hata mtoto angeukimbilia. Nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia garini, nikamwambia tena akifunga kamba za viatu. La tatu alitoka mapema vilevile. La nne sikuliona, nilikuwa natazama chini. Refa alipopuliza filimbi, watu wa Taveta hawakukimbilia wachezaji wao kwanza. Walinikimbilia mimi.

Jioni dansi ilifanyika katika ghala la shamba. Nilianza na santuri zetu za zamani, nikijua kabisa ninachofanya. Wimbo wa kwanza haukufika katikati.

"Mpya! Mpya!" wakapiga kelele. "Tumeziona!"

Nilimwendea Mzee Elifasi. Nikamweleza habari ya Nyambu, kifua chake, na kwamba mwenyewe hajazisikia hata moja. Alisikiliza kwa makini, uso umejaa huruma.

"Yule wa mikono mirefu? Aliyetuzuilia penalti hapa, watu wakataka kulia?"

"Huyo huyo."

"Masikini. Angekuwa golini leo, tusingepata nne." Akanishika bega. "Lakini fundi, sheria ni sheria. Mngeshinda, ningezungusha mimi na uzee huu. Ukiwanyima, hii desturi imekufa leo, na itasemwa Voi ndiyo iliyoiua."

Nikafungua albamu.

Santuri ya kwanza ilikuwa rumba ya magitaa mawili, nzuri ila gitaa la pili linachelewa kidogo. Ya pili ni mwimbaji anayejipenda, anavuta kila neno mpaka unasahau lilikoanzia. Upande wake wa nyuma ni afadhali. Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Sauti ya mwanamume wa makamo, haina madaha, inaimba kama mtu anayezungumza na jirani ukutani, na kinanda chini yake kinatembea polepole. Ilikuwa nzuri mno. Nilisimama pale na mkono wangu kwenye mashine, nikiisikia kabla ya mwenyewe, na machozi yakanitoka mbele za watu. Walidhani nalilia mechi.

Na kwa kuwa ilikuwa nzuri, waliitaka tena. Na tena. Sindano zangu ziliisha koponi, nikazirudia zile zilizotumika. Nilijua kinachotokea kwenye mistari ile, nilikuwa nakiona kwa macho. Taa zilipowashwa Mzee Elifasi mwenyewe alikuja akasema inatosha.

Jumapili hakukuwa na gari la kurudi. Tulikaa kutwa Mahoo kwa Mzee Elifasi, katika kivuli cha migomba, maji ya mfereji yakipita miguuni, mahali pa neema kweli, na hakuna aliyefurahi. Mwaluma alikuja akakaa karibu nami.

"Nilikusikia, fundi," akasema. "Nilikuwa nikisema ngoja, ngoja, na miguu inakwenda."

Miguu yetu sote msimu ule ilikuwa inakwenda tu.

Jumatatu asubuhi Mzee Elifasi alitufikisha stesheni na mkungu wa ndizi. "Mpelekee mgonjwa. Mwambie Taveta hawajamsahau."

Garini niliutumia muda wote kupanga uongo. Kufika Maktau nilikuwa nimeamua: tumeshinda mbili kwa moja, Mwaluma kangoja golini. Vijana wangekubali kunyamaza, na mgonjwa haendi sokoni kusikia habari. Kufika Bura nilikuwa nimeshamtungia na bao lenyewe. Kufika Mwatate nilifungua albamu nikaona hali ya santuri ya tatu, nikaifunga. Nilisema moyoni, chumba chake kina kiza, hataona.

Mchana tulifika Voi na nikaenda moja kwa moja nyumbani kwake kabla sijanawa uso. Mama Mghoi alinitazama mlangoni, nikamwekea mkungu wa ndizi chini. Nyambu alikuwa mdogo zaidi kuliko nilivyomwacha. Nilifungua kinywa niseme mbili kwa moja.

Hakuniuliza. Alinyoosha mkono ule mrefu akaichukua albamu, akachomoa santuri katika mfuko wa tatu, akaielekeza dirishani kama siku ile. Mwanga haukuteleza. Ilikuwa imepauka toka ukingoni hadi katikati.

Akapitisha kidole juu ya mistari yake.

"Walicheza vizuri?" akaniuliza.

"Walicheza vizuri."

"Ngapi?"

"Nne. Sisi moja."

"Mwaluma alitoka mapema."

"Alitoka mapema."

Akatikisa kichwa, bila hasira. Halafu akanipa ile santuri. "Piga."

"Lakini Nyambu, ulisema mpaka tushinde."

"Piga, fundi. Mimi sina mechi nyingine."

Mama Mghoi alitoka nje. Nikajaza gramafoni, nikaweka sindano mpya niliyoichukua kwake, nikapiga zote sita, pande zote. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Ya kwanza alisema gitaa la pili linachelewa, nikasema hata mimi niliona. Ya pili alitaka niiondoe. Ya tatu, kwa ile mikwaruzo, mwimbaji alikuwa mbali kabisa, unamshika neno moja na mengine yanakupita. Nyambu aliinua shingo kutoka kwenye mito akijaribu kumsikia.

"Anasema nini hapo?"

Nilikuwa nimeyasikia maneno yale vizuri Taveta, kila neno, mara nyingi kuliko nilivyotaka. Basi nikamwimbia mimi, na sauti yangu si ya kuimba. Aliniacha mpaka mwisho.

"Huyu ni mwimbaji," akasema.

Mkinitaka niseme safari ile ilinifundisha nini, nitasema sikujifunza mengi ya kumfaa mtu. Nilijifunza kwamba anayeiwekea furaha yake masharti ya timu ya mpira amejidhulumu. Nilijifunza pia kwamba watu wema wanaweza kukumalizia kitu chako huku wamekushika bega. Lakini nilichelewa kuyajua, na aliyehitaji kuyajua mapema hakuwa mimi.

Mechi ya marudiano ilichezwa Voi. Nyambu tulikuwa tumeshamzika mlimani kwao. Mwaluma alingoja golini kama aliyefungwa kamba, hakuna lililompita, na sisi tukapata mawili. Mzee Elifasi alivua koti, akazungusha mkono wa gramafoni ya Taveta mwenyewe, kama alivyoahidi, na Voi yote ikacheza dansi. Mimi nilikaa juu ya sanduku langu, mkono hauna kazi kwa mara ya kwanza msimu ule, nikitafuta mtu wa kumpelekea matokeo.