Papa alishangilia goli mbele mpira uingie

Leo papa yangu ameinua mikono na kupiga kelele "goli". Mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja.

Ngojeni niwaelezee.

Tangu tuache kulipa abonema ya televizio, kila dimanche kisha misa namuwekeaka papa mechi ku klé USB. Kuna muchuuzi mumoja wa mutaa wa Kasha ananikopiyaka.

Papa namwambiaka iko direct, inachezwa saa ile ile. Ndiyo, namudanganyaka. Ni mwalimu wa zamani, mechi ndiyo furaha yake, nilikosa namna ya kumwambia hatuna tena chaîne hata moja.

Mimi mpira sijui. Kumbe ile ya leo tulishaiangalia mwezi uliopita.

"Papa, ulijuaje goli inakuya?"

Akashusha mikono polepole. Mimi binti yake, ananiitaka Maman.

"Maman, nilijua tangu siku ya kwanza kama haiko direct. Hata jirani yetu Déo nilimukataza asitaje matokeo mbele yako. Wakati tulikuwa na abonema, ulikuwa unapita tu. Sasa unaikalaka karibu yangu mechi nzima."

Nimekimbilia jikoni, eti naangalia mboga ya sombe ku moto. Ninawaandikia hapa hapa, machozi inaangukia simu. Nyinyi wenye mungali na baba, mungemujibu nini?

Mapumuziko ya mechi imeisha. Ananiita kutoka salon:

"Maman, kuya, wanaanza. Tuone nani atashinda."