Nimedondoka Kwenye Theluji Mbele ya Watu

Jamani, leo nimeaibika ugenini!

Nimekuja kumtembelea dada yangu aliyeolewa huku milima ya Alpi. Kamji kadogo, kanajulikana kwa kiwanda cha chuma cha zamani. Watoto wanateleza kwenye theluji utadhani wanacheza rede.

Mimi mtoto wa Usa River nikatoka na dada, miguuni raba zangu tu.

Puu! Chini.

Nikasubiri wacheke.

Bibi mmoja, mstaafu wa kile kiwanda, akaja akaketi palepale kwenye theluji, kando yangu. Dada akatafsiri: “Anasema vuta pumzi kwanza, tutainuka pamoja.”

Tukainuka. Akanipeleka kwake, akanivalisha buti zake mwenyewe.

Machozi yakanilenga. Nikasema, “Shikamoo, bibi.”

Dada akakosa neno la kutafsiri. Bibi akanikumbatia tu.

Nyie mngemtafsiriaje?