Theodora Mpima Mayai na Tochi ya Mwanangu

Wifi yangu Theodora ana miaka sabini na tisa, na kazi yake hapa Mgori ni kuangalia mayai. Siyo kuuza wala kufuga. Kuangalia. Kuku akishaatamia siku saba unampelekea mayai, naye anakuambia lipi lina kifaranga na lipi ni viza, ulitoe mapema lisije likapasuka chini ya kuku na kuharibu mengine. Wakitotolewa, unampelekea kifaranga kimoja. Ndiyo desturi, na sijawahi kusikia amemdai mtu.

Kifaa hana. Ana tembe la zamani alilojengewa na kaka yake, marehemu mume wangu, na amekataa lisivunjwe. Ukuta wa mashariki una tundu la kupitisha kidole gumba. Saa tatu asubuhi jua linaingia pale limenyooka kama fimbo. Anafunga mlango, anakaa kwenye kigoda, anaweka yai kwenye tundu na kulizungusha polepole kwa vidole viwili. Ndani unaona mishipa myekundu kama mizizi ya nyasi, na katikati nukta inayocheza. Hapo ukiongea anakutoa nje. Mke wa mchungaji aliwahi kutolewa.

Alifundishwa na mama mkwe wake huko Kiomboi alikoolewa. Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, wenzake walibeba masufuria na magodoro. Yeye alibeba kuku aliyekuwa anaatamia, ndani ya kapu, kichwani, kutwa nzima kwa miguu. Mayai yalikuwa kumi na mawili, wakatoka vifaranga kumi na mmoja. Lile moja alishasema njiani kwamba limekufa.

Sasa niseme uchafu wenyewe. Na uchafu huu umetoka tumboni mwangu, maana ni Filipo, mwanangu wa nne.

Filipo ana miaka thelathini na sita, anakaa mjini, Utemini, anafunga umeme wa jua kwenye nyumba za watu. Ugonjwa wake ni tochi. Alikuwa nazo kumi na moja, na kwenye simu yake kuna kundi la wanaume wanaoshindana tochi ya nani inafika mbali zaidi. Wanaume wenye ndevu na watoto. Mwezi wa pili alikuja na ya kumi na mbili, fupi kama kidole changu cha kati.

"Mama, hii ni lumeni elfu sita."

"Lumeni ndiyo nini?"

"Mwanga, mama. Taa ya pikipiki mbele ya hii ni kiberiti."

Jioni akaimulika mawe ya kilimani. Kweli yaliwaka kama mchana, sitasema uongo. Ng'ombe wa jirani yetu Antipasi wakashtuka, nusura wavunje zizi. Antipasi akaja mbio.

"Filipo, unatafuta nini kule juu? Kama ni akili, hukuzipotezea kule."

Haikupita dakika, mwanga ukapungua wenyewe. Nikauliza, imechoka? Filipo akasema inajilinda isiungue. Alipoitia mfukoni ikamchoma paja, akaruka kama mbuzi. Kitu cha kazi ya dakika moja, kisha kinaomba kupumzika! Enzi zetu mtu wa hivyo hakupewa mke.

Hapa kijijini kuna kikundi cha akina mama, mwenyekiti wao Janeth. Wana mashine ya kutotolesha ya mayai sitini, na siku ya saba huyaleta kwa Theodora. Safari hiyo siku ya saba ikaangukia wingu zito. Janeth akaja kulalamika kila wingu likikaa wanasubiri, na Filipo akadakia.

"Mimi nawapimia dakika kumi."

"Subirini kesho," alisema Theodora. "Yai zima halikimbii."

"Bibi, siku hizi kuna vifaa," Janeth akajibu. "Na tochi ikifaa, hatutakusumbua tena."

Tukaelewa wote. Wifi yangu hana shamba kubwa, hana mtoto aliye hai, ana kazi hiyo tu, na ndiyo inayofanya watu wampigie hodi. Sasa ilikuwa inachukuliwa mbele ya macho yake na mtoto wa kaka yake.

Filipo akaingia stoo ya kikundi, akafunga madirisha, akaanza. Yai baada ya yai liliwaka kama globu, jeupe pee. "Tupu hili! Tupu na hili!" Akatoa ishirini na mawili, yaliyobaki na giza akayaita mazima, huku akina mama wanapiga makofi. Theodora alichukua moja mkononi, akaligeuza.

"Filipo, hili lina joto. Umelipika."

"Shangazi, acha wivu."

Kumwambia shangazi yake hivyo, dada wa baba yake! Nami nilikuwepo nikanyamaza, na kwa hilo najichukia mwenyewe. Theodora akaliweka yai chini, akafunga vizuri khanga yake, akaondoka.

Kesho yake kikundi kilikuwa na kikao, nami nikaalikwa. Yale mayai "matupu" wakayachemsha, yakaja na chumvi na chai. Luciana, mweka hazina, ndiye aliyemenya wa kwanza na kuuma. Akasimama akiwa ameziba mdomo. Mimi nilikuwa nimeshauma langu. Ndani kulikuwa na damu iliyoganda nyuzi nyuzi, na kijitu kimejikunja, kichwa kikubwa kuliko mwili, jicho jeusi linanitazama. Nilitema mezani mbele za watu, mimi, mama mzima. Tukamenya mengine. Macho. Macho. Macho. Ishirini na mawili yale, kumi na saba yalikuwa na vifaranga.

Janeth akabeba thelathini na manane yaliyobaki mpaka kwa Theodora, na jua siku hiyo lilikuwapo. Filipo akafuata nyuma. Theodora aliyapokea. Alifunga mlango, akapima moja moja. Mengi yalikuwa viza, yameoza hadi kuwa tope. Ndiyo maana yalizuia ile tochi na Filipo akayaita mazima. Yaliyo hai yalikuwa kumi na manne tu, na karibu yote yana ganda zito la kahawia, ndiyo yakaponea.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo tochi yako niione."

Akaipima kama anavyopima yai. "Ina mwanga mdogo?"

"Upo, shangazi. Unabonyeza hivi."

Akazungushia kitambaa cheusi, akaacha kitundu, akaweka yai juu. Mishipa ikaonekana yote, na nukta inacheza.

"Kumbe ulikuwa nao huu," alisema. "Mbona hukuutumia?"

Filipo akaangalia chini. "Huo hauna maajabu, shangazi. Hakuna ambaye angeshangaa."

Wale kumi na saba walikufa ili watu wampigie makofi!

Janeth akapiga magoti pale pale, akaomba radhi. Theodora akamwinua.

"Mashine ni yenu. Mayai yaje hapa. Kukiwa na wingu, mtasubiri."

"Tutasubiri, bibi."

"Na mimi, shangazi?" Filipo akauliza.

"Wewe kachukue yale mliyoyamenya ukayazike. Kwa mikono yako, siyo kumtuma mtu."

Alichimba nyuma ya stoo, jua la saa sita utosini. Akiyatia moja moja alitapika mara mbili, akashika ukuta. Akina mama walikuwa wanamtazama, na mtungi ulikuwa karibu yangu. Sikumpelekea maji.