Hadithi za Mizimu Saa Nne Asubuhi

Kwetu Mahenge tuliambiwa kwamba anayesimulia hadithi mchana ataota mkia. Nilipokuwa mtoto nilimsimulia mdogo wangu kisa cha sungura jua likiwa utosini, kisha nikashinda siku kadhaa nikijipapasa mgongoni kwa siri. Mkia haukutoka. Nikakua, nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiingereza, na jambo hilo nikalitia kapu moja na mambo mengine ya bibi. Sikujua kama lingenifuata hadi Ifakara, tena mpaka darasani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na nilifundisha katika shule ya kati ya wasichana ya misheni. Nilikuwa bado sijaolewa, na hasira zangu zilikuwa karibu. Wasichana waliniita siafu, wakidhani silijui jina hilo. Nililijua, na siku nyingine nilijitahidi kulistahili. Mkuu wa shule alikuwa sista wa makamo kutoka nchi ya milima na theluji huko Ulaya. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila alikitamka taratibu kama mtu anayehesabu mayai.

Vitabu vyetu vya Kiingereza vilikuwa vya watoto wa mahali pengine. Vilijaa vituo vya treni na tarishi mwenye baiskeli, na wanafunzi wangu walikuwa hawajaona reli hata kwa mbali. Walisoma huku wakisinzia. Ndipo siku moja Sista Mkuu akatoa ndani ya kasha kitabu chembamba cha hadithi za kale za mizimu ya Waingereza, zilizoandikwa upya kwa Kiingereza chepesi. Alisema mtoto akiogopa kidogo husoma upesi, ili ajue mwisho. Akaagiza kwamba muhula ukiisha atakuja mwenyewe, na kila msichana atafunga kitabu na kumsimulia hadithi moja kwa Kiingereza. Atakayeshindwa hatapata nafasi katika darasa la juu.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya jumba kubwa ambamo mzee aliyekufa zamani alirudi kila usiku kugonga kuta. Niliisoma kwa sauti nzito, nikajiandaa kuwatuliza watakaolia. Hakulia mtu. Mikono ikapanda. Walitaka kujua mzee yule alizikwa wapi, watoto wake wako wapi, na ni nani aliyesahau kumpikia pombe ya tambiko mpaka marehemu akajisumbua kutembea usiku kucha. Mmoja akahukumu kwamba wenye nyumba ni wachoyo. Nilikuja kufundisha woga, nikajikuta natetea ukoo wa Waingereza nisiowajua.

Hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mvushaji. Katika nchi ya baridi aliishi mtu wa kuvusha watu mtoni. Kila jioni alisikia sauti ikimwita kutoka ng'ambo. Akienda hakuti mtu, lakini akigeuza chombo kurudi, kinakuwa kizito kana kwamba kimejaa abiria, na kikigusa ukingo wa huku kinanyanyuka chenyewe. Siku moja sauti iliyoita ilikuwa ya mke wake aliyekufa. Akaenda kama kawaida, ila kurudi alipiga kafi polepole, polepole sana, ili safari isiishe upesi. Hadithi ilikomea hapo. Darasa zima likaomba isomwe tena.

Aliyeisoma siku hiyo alikuwa binti wa mvuvi, mtoto wa ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa pili wa kivuko. Hakuna aliyemfikia kwa kusoma. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alipotamka Kiingereza ungedhani amekitafuna kwanza akaona ni kitamu. Nilikuwa na uhakika kwamba nafasi ya kwanza ni yake.

Basi nikamwambia afunge kitabu asimulie. Akafunga, akatazama dirishani, asitoe neno. Nikarudia. Kimya. Nikamwambia nilivyozoea kuwaambia, kwamba ulimi haujakatwa, na asimame mpaka kengele ilie. Akasimama. Kesho yake ikawa vilevile, na mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimpandishia sauti hadi darasa la jirani likatulia. Siku ya tatu wenzake walipotoka, alibaki, akasogea mezani kwangu.

"Mwalimu, kusoma nitasoma," alisema. "Kusimulia mchana siwezi. Kwetu anayesimulia mchana, mama yake hupotea njia."

Nilifungua mdomo nimkemee, nikakumbuka. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, mwendo mfupi kutoka shuleni. Walimleta kwa mtumbwi mvua zikiwa zimepamba moto, miguu imevimba, pumzi inakatika. Kila jioni binti aliomba ruhusa kwenda kumtazama, na kila jioni alirudi na bakuli tupu alilokuwa amempelekea uji.

Hata hivyo nilijaribu. Nikamwambia kwamba hiyo ni ya kitabuni, si ya kwetu. Nikamwambia kwamba yeye ni Mkristo, anajua uhai wa mtu umo mikononi mwa Mungu.

"Najua, Mwalimu. Nimebatizwa," alijibu. "Lakini mama ninaye mmoja."

Ningeweza kumwomba Sista Mkuu amsikilize baada ya jua kuzama, lakini jioni za masista zilikuwa za sala, na binti aliniomba nisimweleze, asije akaonekana mpagani. Mtihani ulikuwa unakaribia. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, na jioni nikachukua khanga yangu nikaenda hospitali.

Nilimkuta mama ameegemezwa kwenye mito, maana akilala chali hapumui. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, ingawa alijua mimi ndiye siafu. Macho yake yalinicheka kidogo. Nikamweleza yote bila kuficha. Nilikuwa nimekusudia kumwomba amwambie bintiye kwamba mambo hayo ni ya zamani. Hakusema hivyo. Aliuliza kwanza hadithi yenyewe inahusu nini, na jua lilikuwa limeshazama, nikamwambia kwa ufupi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akanieleza kwamba wakati wa kulinda mpunga, mvua ikiwafungia kibandani kutwa nzima na watoto wakilia uchovu, yeye huteremsha mkeka mlangoni, huwasha koroboi, na kuwaambia sasa ni usiku. Hapo husimulia mpaka mvua ikatike.

"Ila usiache tundu, Mwalimu," alisema. "Jua lisichungulie. Ukishafunga kila mahali, basi ni usiku, na mwanangu anajua hivyo."

Niliondoka pale nikiwa mwepesi. Nilimpenda mama yule kana kwamba tumejuana miaka. Nikajiambia kwamba kama ni usiku unaotakiwa, basi nitautengeneza.

Siku ya mtihani nilifika mapema na taa ya chemli. Darasa letu lilikuwa na madirisha ya mbao. Niliyafunga moja baada ya jingine, nikaziba nyufa kwa makaratasi na matambara, binti akinifuata nyuma na kukagua kwa kidole. Dirisha la mwisho, la upande wa mto, lilikuwa limekatika bawaba. Mbao zake zilining'inia na jua likapita katikati hadi sakafuni. Nikavua khanga niliyojitanda, nikaikunja mara mbili, nikaipigilia kwa misumari kwenye fremu. Likawa giza. Nikawasha taa. Joto la bonde tunalijua wenyewe. Baada ya muda mfupi nguo zilitugandia mwilini, na wasichana wakaanza kucheka chini kwa chini.

Sista Mkuu alifungua mlango saa nne asubuhi, akasimama kizingitini akipepesa macho. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya mbinu mpya za kufundishia, yote ya uongo. Hakuyahitaji. Alifunga mlango nyuma yake, akavuta kiti karibu na taa.

"Kwetu pia hizi ni za usiku," alisema kwa Kiswahili chake cha mayai. "Bibi yangu alingoja theluji na giza ndipo alipoanza."

Sijui alifahamu kiasi gani. Hakuniuliza siku hiyo wala siku nyingine, na tangu hapo nilimheshimu kwa namna tofauti.

Wasichana walisimulia mmoja mmoja, wengine wakijikwaa, wengine wakimpa mzee wa jumba kubwa ndugu wapya ambao kitabuni hawakuwamo. Zamu ya binti wa ng'ambo ilipofika, alitazama dirisha lenye khanga, akatazama paa, kisha akaanza. Alimhamishia mvushaji mto wetu. Maji yake yalikuwa na viboko na matete, chombo chake kilikuwa mtumbwi wa gogo, na mvushaji alijua uzito wa abiria wake kwa jinsi maji yalivyopanda ubavuni. Alipofika mahali pa mke, alisema kwamba mvushaji alipiga kafi polepole kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kumngoja. Kitabu hakikusema hivyo. Kiingereza chake kilikuwa na makosa ambayo siku nyingine ningeyadaka hewani. Siku ile nilikuwa nafuta macho kwa mkono wa gauni. Sista Mkuu aliandika jina la binti juu kabisa ya orodha.

Jioni hiyo, jua lilipozama, binti alimsimulia mama yake hadithi nzima kwa Kindamba, lugha ya kwao. Aliniambia kesho yake kwamba mama ameipenda, na kwamba alisema mvushaji yule ni mtu mwema, kwa sababu hakumwacha mtu ng'ambo.

Kabla wiki haijaisha, mama alifariki.

Alinijia mwuguzi wa zamu wakati tunapanga mistari ya asubuhi. Nilimwona binti akinitazama kutoka mstarini, na kabla sijasema kitu alijua. Hakulia. Alienda, akakunja nguo za mama yake, akaosha lile bakuli, akafanya kila alichoambiwa, macho makavu kama ya mtu anayesubiri kesi yake isomwe. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Mimi niliogopa, maana nilijua anachokifikiri, na sikujua nimwambie nini.

Ndugu wa kiume wa marehemu walikuja kuuchukua mwili wakauzike nyumbani. Niliwasindikiza hadi Kivukoni. Mto ulikuwa bado umejaa, maji ya rangi ya chai yakibeba majani. Waliulaza mwili mtumbwini, umefungwa kwenye mkeka, na mjomba mmoja akakaa nyuma kushika kafi. Ilikuwa zamu ya binti kupanda. Akanirudia pale nilipokuwa nimesimama kwenye matope.

"Mwalimu," aliuliza, "madirisha yote yalifungwa?"

"Yote," nilimjibu. "Ulikagua mwenyewe."

"Na lile la mtoni?"

Nilikuwa nimejitanda khanga ileile. Niliivua nikampa. Sikumhubiria, wala sikumwambia kwamba ni ujinga. Wakati huo hata mimi nisingesema ni ujinga. Akaikunja mara mbili kama nilivyoikunja, akaitafuta mistari ya mikunjo, akaviacha kando vitundu vya pembeni, ambavyo siku ile vilizibwa na misumari yenyewe. Kisha akainyanyua kwa mikono miwili kuelekea jua la saa sita na kuitazama, kipande kwa kipande, toka pindo hadi pindo. Mjomba wake alianza kumwita, nikamwashiria angoje.

Haikupitisha jua.

Akaishusha, akajifunika nayo uso, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kama mtoto yeyote aliyefiwa na mama yake, nami nikamshika nikalia naye. Hatukujali matope. Alipotulia nilimfunika khanga mabegani, nikamshika mkono mpaka kwenye mtumbwi. Mjomba alisukuma, wakaondoka polepole.

Baada ya matanga alirudi shuleni akakaa katika nafasi yake darasa la juu. Khanga hakuirudisha, na sikuidai. Huuzwa mbili mbili. Kipande cha pili cha doti ile ninacho sandukuni mpaka leo.